Tunataka kupima maji ya Ziwa Naivasha wenyewe, tuanzie wapi?

kamere_nyavu

Wadau habari zenu. Mimi niko Kamere, upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, tuko na kikundi cha wavuvi pamoja na kina mama wanaokaanga na kuuza samaki hapa ufuoni. Tumechanga pesa kidogo tunataka kuanza kupima maji ya ziwa wenyewe, maana tumechoka kusikia kila mtu akisema lake, mara maji ni machafu mara maji ni sawa, na hakuna mtu ametuonyesha karatasi.

Hali iko hivi. Maji yalipopanda 2020 yaliingia mpaka kwa mitaa, vyoo vya shimo vikazama, na hatujui nini iko huko chini. Gugu maji nalo linatembea na upepo, leo liko kwetu kesho liko Karagita. Lakini kitu inatusumbua zaidi ni kuna asubuhi unafika unapata samaki wako juu juu wanahema mdomo wazi, ikifika saa nne hivi wamerudi chini, na ukiangalia maji huoni kitu kimebadilika. Wazee wakiona hivyo wanaanza kukumbushana Februari 2010, ile wakati samaki walikufa wakajaa ufuoni.

Sasa kuna jamaa amekuja na kale kakalamu ka TDS ka kupima maji, akakadumbukiza saa saba mchana, kakasoma namba, akasema maji ni safi kabisa na anatuuzia. Wengine kwa kikundi wanataka tujaze chupa moja tupeleke maabara Nairobi wapime kila kitu, hasa dawa za mashamba ya maua. Mimi sijui nani ako sawa. Tupime nini, wapi, saa ngapi, na tukipata namba tutajuaje ni mbaya ama ni nzuri? Na msinirushie lugha ya vitabu tafadhali, hii nitaisomea watu kwa mkutano.

fundi_visima

Bro hako kakalamu si kabaya, mimi natumia kwa visima kila siku. Ukiona chini ya 500 hiyo maji ni poa. Hizo zingine ni kutafuta njia ya kumaliza pesa ya kikundi.

maabara_mwanza

Hapana jamani, hapo mnampoteza mwenzenu. TDS inahesabu chumvi zilizoyeyuka, basi. Kinyesi haikionyeshi, dawa ya wadudu haiionyeshi, oksijeni wala mwani ndio kabisa. Maji ya mvua yaliyopita chooni yanaweza kusoma namba ndogo kuliko maji ya chupa ya dukani. Na Naivasha ni ziwa la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, japo halina mto unaotoka, kwa kuwa maji yanapenya ardhini na kuondoka na chumvi, kwa hiyo kalamu itawapa namba nzuri hata siku samaki wameelea wote. Labda mkaitumie Oloidien, lile ziwa dogo la pembeni, maji yakishuka likajitenga na ziwa kubwa chumvi inapanda na hapo kalamu itawaambia kitu cha kweli.

Mkuu kamere, mimi nafanya kazi za maji huku Mwanza. Ziwa letu ni kubwa lakini ghuba zake nyingi zina kina kifupi kama huko kwenu, kwa hiyo hiyo hali ya samaki kuhema alfajiri naijua. Ziwa la kina kifupi lina tabia yake. Mchana upepo unakoroga mpaka chini, tope linapanda, na fosforasi, ile rutuba inayolisha mwani, iliyolala kwenye tope miaka yote inarudi kwenye maji, ndio maana hata mkizuia uchafu wote leo ziwa linaweza kuendelea kujilisha lenyewe kwa muda mrefu. Usiku upepo unatulia, jua hakuna, mwani na majani yote yaliyozama hayatengenezi oksijeni tena yanaitumia tu, bakteria kwenye tope nao wanaitumia, na chini ya gugu maji hewa haiingii. Ukifika alfajiri ndio oksijeni iko chini kuliko saa nyingine yoyote. Jua likipanda mwani unaanza tena kuzalisha, samaki wanarudi chini. Sasa huyo jamaa wa saa saba mchana angekuja hata na mashine ya mamilioni bado angewaambia ziwa liko vizuri.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye mita ya oksijeni, kununua au kuazima. Pimeni kabla jua halijatoka, halafu rudieni saa nane mchana sehemu ileile, mara moja nusu mita toka juu na mara moja karibu na chini bila kugusa tope. Mkiona alfajiri 2 na mchana 12 msije mkakaa mkutanoni mkasema wastani ni 7 tuko salama. Hiyo 12 ni dalili kwamba mwani umezidi, na mwani huohuo ndio unaomaliza oksijeni usiku. Samaki wengi chini ya miligramu 3 au 4 kwa lita wanaanza kuhangaika, perege anavumilia kidogo zaidi, kambare yeye anaweza kuvuta hewa ya juu kwa hiyo msimtumie kama kipimo.

Halafu kuna kitu kinawaponza watu wengi. Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, maji ya nyuzi 20 yakijaa oksijeni mpaka mwisho yanabeba kama miligramu 7.2 kwa lita, wakati pwani maji hayohayo yangebeba kama 9.1. Mita isiporekebishwa kwa mwinuko wenu itawadanganya, na mtu aliyekariri namba za pwani ataona 7 aseme maji yamepungukiwa kumbe yamejaa.

Kitu cha pili ni disiki ya Secchi, ya kupima uangavu wa maji, na hii mnatengeneza wenyewe. Padri mmoja Mwitaliano, Angelo Secchi, aliitumia baharini mwaka 1865 na mpaka leo hakuna kifaa cha bei rahisi kilichoishinda. Chukua kifuniko cha ndoo ya rangi, kata duara la upana wa sentimita 20, gawanya robo nne, mbili paka nyeupe mbili nyeusi, toboa katikati, pitisha kamba isiyovutika, chini ning'iniza kipande cha nondo ili ishuke wima. Kwenye kamba weka alama kila sentimita 10. Unashusha upande wa boti wenye kivuli, mchana kati ya saa nne na saa tisa, ikipotea unasoma, unashusha kidogo tena, unavuta polepole mpaka ionekane, unasoma, unachukua katikati ya hizo mbili. Asome mtu yuleyule kila safari na avue miwani ya jua. Ikigusa chini kabla haijapotea andikeni hivyohivyo kwamba imeonekana mpaka chini, msiandike kina cha ziwa kana kwamba ndio uangavu.

kisumu_ndogo

Umesema vizuri mkuu. Mimi niongeze tu, hiyo namba ya Secchi usiiache hivyo, kuna fomula ya Carlson ya 1977 inayoonyesha ziwa limerutubishwa kiasi gani, unachukua 60 unatoa 14.41 mara logi asilia ya kina cha disiki kwa mita. Disiki ikipotea mita moja unapata 60, nusu mita unapata kama 70, na ukishapita 70 ziwa limerutubishwa kupita kiasi. Hapo kwa mkutano unawapea watu namba moja wanaelewa. Huku ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria hata huhitaji fomula, kuna miezi maji yanakuwa kijani mpaka boti inaacha mstari.

maabara_mwanza

Hapo kwa Carlson twende taratibu ndugu yangu wa Kisumu. Ile fomula inachukulia kwamba kinachoziba mwanga ni mwani. Kwa ziwa lenye kina kirefu lisilo na tope sawa. Naivasha disiki inaweza kupotea sentimita 40 kwa sababu ya mwani, na wiki inayofuata ikapotea sentimita 40 hizohizo kwa sababu mto Malewa umeleta udongo, maji rangi ya chai ya maziwa na mwani hakuna. Fomula itakupa 73 mara zote mbili, na ukiwaambia watu mbolea imezidi wakati tatizo ni mmomonyoko unawapeleka kwenye ugomvi usio wao. Ndio maana nasema pembeni ya namba ya disiki andikeni rangi ya maji, upepo ulikuwaje na umetokea wapi, na mvua ya mwisho ilinyesha lini. Mkiwa na pesa ya maabara pelekeni sampuli ya klorofili, ndio inayosema mwani ni kiasi gani. Chupa yake mnaifunga kwa foili mwanga usiingie na inakaa kwenye barafu.

dada_gilgil

Kaka Kamere, mimi nimefanya kazi ya afya ya jamii hizi pande za Gilgil na Naivasha, na naona mmechanganya maswali mawili. Ziwa kuwa na afya ni swali moja, maji ambayo mama anachota kwa mtungi apatie watoto ni swali lingine. Samaki anaweza kukaa raha kabisa kwa maji ambayo yatampeleka mtoto hospitali.

Kwa vile vyoo vimezama, pimeni E. koli, ndiyo inaonyesha kama kinyesi kimeingia. Maji ya kunywa yanatakiwa yawe sifuri kwa kila mililita 100, hakuna cha kidogo tu. Na hapa namna ya kuchota ndiyo kila kitu. Chupa inatoka maabara imesafishwa na joto, usiisuuze, usiweke kidole ndani ya kifuniko, na kifuniko usikiweke kwa sakafu ya boti. Shika chupa chini, mdomo ukiangalia chini, iingize mpaka maji yafike kiwiko, ndiyo uigeuze ikiangalia mbele ijae huku mkono wako uko nyuma yake. Acha nafasi kidogo ya hewa juu. Kwa boksi la barafu moja kwa moja, ifike maabara siku hiyo hiyo. Ikilala nyumbani usiku mzima kwa joto, hiyo namba mtakayopata ni ya chupa si ya ziwa. Chupa za vipimo vingine kama fosforasi ndizo unasuuza mara tatu na maji ya hapo hapo. Na mchote siku mvua imetoka kunyesha pia, si siku nzuri peke yake.

Kuna floraidi pia. Hizi pande zetu za Bonde la Ufa kila mtu anajua meno ya kahawia, na visima ndivyo viko na shida zaidi. WHO inasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Watu wanadhani wakichemsha inaisha. Haiishi, maji yakipungua kwa sufuria inazidi kukolea. Fundi wa visima nakuambia na wewe, floraidi inaweza kuwa juu na TDS yako iko chini ya 500, usiambie watu ni poa.

La mwisho, ule utando wa kijani unakusanyika ukingoni pale upepo unasukumia, watoto wasicheze hapo na ng'ombe wasinywe hapo. Ule mwani wa sumu kuchemsha pia hakusaidii, unapasua mwani sumu inatoka inabaki kwa maji. Njia ya kuutambua bila maabara: jaza chupa ya kioo robo tatu, funga, weka kwa friji ama mahali baridi bila kuigusa mpaka kesho yake. Kijani kikipanda juu kikafanya tabaka, chukulia ni huo. Kikizama, pengine ni mwani wa kawaida. Si uthibitisho lakini inatosha kuweka watoto mbali.

mkulima_kinangop

Nimesoma yote. Niko Kinangop juu, mito yetu ndiyo inashuka kuwa Malewa. Naona kila mtu huko chini anaangalia mashamba ya maua kwa sababu yako karibu na mabati yake yanaonekana. Lakini tuongee ukweli, sisi huku tunalima viazi na kabichi mpaka ukingo wa mto, shamba limeinama, mvua ya kwanza ikipiga udongo wote na mbolea inashuka. Kulikuwa na mradi wa WWF na CARE uliokuwa unalipa wakulima wa huku juu kwa vocha wapande nyasi za kushika udongo, na hata hapa kwetu unaona tofauti ya shamba lenye ile mistari ya nyasi na lisilo nayo. Ukipima ziwa peke yake utalaumu jirani yako. Chota pia kwa daraja la Malewa kabla haijaingia kwa mafunjo, na ukiweza upande wa ziwa baada ya mafunjo, uone mafunjo yanashika nini.

kisumu_ndogo

Point ya maana sana hiyo. Na kwa mdomo wa Malewa hata huhitaji boti kila wakati, picha za setilaiti ya Sentinel-2 ziko bure kwa mtandao, inapita kila siku tano hivi na inaonyesha mpaka vitu vya mita 10. Baada ya mvua kubwa unaona kabisa ulimi wa udongo ukiingia ziwani kutoka kaskazini, na gugu maji unaliona limeegemea wapi. Shida ni mawingu, na haiwezi kukuambia oksijeni wala E. koli. Lakini inasaidia kuchagua mahali pa kuchota badala ya kuchota tu pale boti imefungwa.

kamere_nyavu

Aki asanteni sana, mmenifungua macho. Dada Gilgil hiyo ya chupa nitaifanya kwa vitendo mbele ya watu. Mkulima umesema kweli hata kama itanipea shida mkutanoni lol.

Sasa niko na mbili. Ya kwanza, maabara anasema tupime kabla jua kutoka. Mkuu hapa kuna viboko. Hiyo saa ndiyo wanarudi majini kutoka kula nyasi na wameshaua watu hapa, mimi siwezi tuma kijana na boti ndogo saa kumi na moja asubuhi ati akapime oksijeni. Ya pili, nikirudi bila jibu la dawa za maua kuna watu watasema nimelipwa.

maabara_mwanza

Kwa kiboko umepatia, na huku kwetu tunao, usitume mtu. Kuna njia mbili. Kama kuna gati au jeti yenye uzio inayoingia majini, pimeni toka hapo, maji yawe angalau yanafika kifuani, sio ukingoni kabisa kwenye tope. Njia nzuri zaidi ni loga, mita inayorekodi yenyewe, mnaifunga kwenye boya mchana, inalala huko inaandika kila robo saa, kesho mchana mnaitoa mmekaa salama. Vyuo na watu wa utafiti wa uvuvi huwa nazo, kuazima kwa siku chache ni rahisi kuliko kununua. Na maji ya pembeni ya kisiwa cha Crescent Island, kwa kuwa pale ndio kina kirefu kuliko kwingine kote, msipafanye kituo chenu pekee, tabia yake ni tofauti na ziwa lililobaki.

Dawa za maua sasa. Nielewe vizuri, sisemi hazipo. Nasema chupa moja iliyochotwa popote na kupelekwa kupima "kila kitu" itarudi imeandikwa haikuonekana, na mtakuwa mmempa mnayemshuku karatasi ya kujitetea. Maabara haiwezi kutafuta dawa usiyoitaja, kila kundi la dawa lina kipimo chake na kila kipimo kina bei yake. Anzeni kwa kujua kinachopigwa, wafanyakazi wa mashambani wanayaona makopo, andikeni kiambato kilichoandikwa kwenye lebo sio jina la biashara. Halafu choteni pale mtaro unapoingia ziwani, baada ya mvua, sio katikati ya ziwa. Tumieni chupa ya kioo ya rangi ya kahawia, plastiki inanyonya baadhi ya dawa. Chukueni na tope la hapo mdomoni mwa mtaro, dawa nyingi zinajishika kwenye tope kuliko kubaki majini.

Na kama mnataka iende mbele, NEMA (mamlaka ya mazingira) au WRA (mamlaka ya rasilimali za maji), basi maabara iwe na ithibati ya KENAS, shirika linalothibitisha maabara Kenya, kwa kipimo hichohicho, sampuli igawanywe mbili, chupa zipigwe lakiri, na iandikwe nani alichota, saa ngapi, nani aliibeba, nani aliipokea, kila mmoja na sahihi yake. Bila hiyo mnyororo hata namba ya kutisha vipi itaulizwa swali moja tu, mlijuaje ni maji ya hapo.

Nilisahau amonia. Mkipima amonia pimeni na pH (kipimo cha asidi ya maji) na joto saa hiyohiyo, la sivyo namba haina maana. Kwenye pH 7 ile sehemu yenye sumu kwa samaki haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote, kwenye pH 9 maji yakiwa ya nyuzi 25 inafika zaidi ya theluthi. Na mwani ukiwa mwingi pH inapanda mchana, kwa hiyo amonia ileile isiyoua asubuhi inaweza kuua saa tisa.

mkulima_kinangop

Mkianza mniambie, huku juu naweza kuchota siku mvua ikinyesha. Nyinyi mtakuwa bado mnaona jua huko chini wakati mto unashuka tayari.

kamere_nyavu

Hiyo tumekubali mzee, nitakutafuta inbox. Mpango ni disiki tunatengeneza wiki hii, vituo vinne kwanza: kwetu Kamere, pale vyoo vilizama, mdomo wa Malewa na katikati. E. koli pale kina mama wanachota. Loga tutaomba. Dawa tunangoja mvua na tunangoja majina ya makopo.

Swali la mwisho kwa maabara: kuna mtu anauza mita ya oksijeni ya mkono wa pili bei nzuri. Nitajuaje kama inafanya kazi kabla sijatoa pesa ya watu?

maabara_mwanza

Ijaribu mbele yake. Weka ncha yake kwenye kikombe chenye kitambaa kibichi chini, isiguse maji, isubiri itulie, baada ya kuirekebisha inatakiwa isome karibu asilimia 100. Halafu nunua sodiamu salfaiti kidogo duka la kemikali, koroga kijiko kwenye glasi ya maji, ingiza ncha, ndani ya dakika chache inatakiwa ishuke karibu na sifuri. Ikiganda kwenye 3 au 4 au namba inacheza cheza, utando wa ncha umechoka au kihisio chenyewe kimekufa. Muulize kama utando wa akiba na maji yake bado vinapatikana Nairobi. Akisema hajui, iacheni.